Nyama ya Malindi iko Marafa

Anayetaka kula bistecca alla fiorentina bila kupanda ndege ana mji mmoja wa kumfaa katika pwani ya Kenya, nao ni Malindi. Waitaliano walianza kuujua mji huu katika miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio na wenzake walipojenga kituo cha kurushia setilaiti katika ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, na nyuma ya watalii wakaja wawekezaji. Leo vijana wanaouza vinyago ufuoni huongea Kiitaliano bila kusita, na pizza imekuwa chakula cha mjini kama viazi karai.

Lakini pande la nyama linaloletwa mezani kwenye hoteli ya ufuoni kwa jina la fiorentina huwa na upungufu ambao mpishi hodari hawezi kuuziba. Halina kwao. Ili nieleze ninachokusudia, nianze na nyama yenyewe ilivyo huko Firenze, Italia.

Fiorentina hukatwa kiunoni mwa ng'ombe, pamoja na mfupa wake wenye umbo la T. Upande mmoja wa mfupa kuna fileti, upande wa pili nyama ya mgongo. Unene wake ni vidole vitatu au vinne na uzito ni kilo moja hadi moja na nusu, kwa hiyo huliwa na watu wawili au zaidi. Makaa huwa makali, nyama huchomwa dakika chache kila upande, kisha husimamishwa juu ya mfupa, na huliwa ikiwa bado nyekundu ndani. Ng'ombe wa asili wa kazi hii ni Chianina, mweupe, mrefu, wa bonde la Chiana huko Toscana, ambaye fahali wake aliyekomaa huweza kupita kilo 1,500. Tangu mwaka 1998 nyama ya Chianina na ya jamaa zake wawili, Marchigiana na Romagnola, inalindwa na Umoja wa Ulaya kwa jina la Vitellone Bianco dell'Appennino Centrale. Mtu hawezi kumfuga ng'ombe mwingine kwingineko akalitumia jina hilo. Na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipoitikisa Ulaya, Umoja huo ulipiga marufuku nyama yenye mfupa wa uti wa mgongo kutoka kwa ng'ombe aliyezidi umri wa mwaka mmoja. Marufuku ilianza mwaka 2001 na haikulegezwa hadi mwanzo wa 2006. Miaka yote hiyo wenyeji wa Firenze waliisubiri nyama yao irudi, kwa sababu hakukuwa na kipande kingine cha kushika nafasi yake.

Hiyo ndiyo maana ya nyama yenye kwao. Mnyama ni wa pale, malisho ni ya pale, mchinjaji na mchomaji wanamjua, na namna ya kuichoma imetokana na mnyama huyo mwenyewe. Ukipima kwa kipimo hicho, nyama ya Malindi haipo Malindi mjini. Vuka daraja la mto Sabaki, pita Mambrui, kunja kona kuingia bara, na kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini utafika Marafa.

Wageni wengi hufika Marafa kwa ajili ya Nyari, lile korongo la mchanga mgumu wenye rangi nyeupe, waridi na nyekundu, ambalo vitabu vya watalii huliita jiko la jehanamu. Wanalipiga picha jua likitua, wanageuza gari na kurudi kula hotelini. Ni hasara, maana hata kisa cha korongo lenyewe ni kisa cha mifugo. Wagiriama wa hapa husimulia kwamba pale palikuwa na familia tajiri yenye ng'ombe wengi hata ikawa inaoga maziwa, na Mungu akaudidimiza mji wao kwa israfu hiyo. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Katika nchi ambayo mvua hukatika na malisho hukauka, kumwaga maziwa ni dhambi ambayo hakuna mtu anayehitaji kuelezwa uzito wake.

Mnyama wa Marafa hasa ni mbuzi. Eneo hili la Magarini, kaskazini mwa Sabaki, Wagiriama walihamia wakitafuta ardhi ya kulima na kulisha. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaongoza watu kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, serikali ya Waingereza iliwaamuru waondoke ng'ambo hiyo ya mto. Nyumba zilichomwa na mbuzi wakachukuliwa. Waliochukua walijua wanachokichukua. Kwa Mgiriama mbuzi alikuwa, na bado ni, akiba ya nyumba. Huuzwa karo inapodaiwa, hutolewa kwenye mahari, huchinjwa matangani. Ukame wa 2021 na 2022 ulipoua mifugo katika kaunti kavu za Kenya, Kilifi ikiwemo, kilichopotea kwenye maboma mengi kilikuwa fedha za miaka kadhaa.

Mbuzi huyo ni mdogo. Wa asili wa Afrika Mashariki akikomaa huwa na kilo 25 hadi 30, ingawa siku hizi wafugaji wengi huchanganya na Galla, mbuzi mweupe mkubwa wa kaskazini. Mwenye kilo 25 akichinjwa na kusafishwa hubaki kilo 11 au 12 za nyama na mifupa. Chakula chake ni majani ya vichaka vya miiba na maganda ya migunga, na huyatafuta kwa miguu kutwa nzima. Kutembea huko hujenga misuli iliyokazana yenye ladha nzito. Mafuta yake hayajisambazi ndani ya nyama kama ya ng'ombe aliyenoneshwa; hukusanyika tumboni na kuyazunguka mafigo. Hapo ndipo inapoonekana kwamba namna ya Firenze haimfai. Kipande chembamba cha nyama kavu ukikichoma kwa moto mkali dakika nne utapata kitu cha kutafuna mpaka jioni.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo watu huniuliza zaidi: mbona nyama ya hotelini ni laini na ya kwetu, iliyochinjwa leo leo, ni ngumu? Upya wenyewe ndio chanzo. Mnyama akifa, misuli huishiwa nguvu ya kuachia, nyuzi zake hushikana, na mwili wote hukakamaa katika saa chache. Ukakamavu huo huachia polepole, vimeng'enya vya nyama yenyewe vinapozikatakata nyuzi. Ndiyo maana nyama ya fiorentina hutundikwa kwenye chumba baridi, nyuzi joto chache juu ya sufuri, kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Ukiitundika hivyo Marafa kwenye hewa ya nyuzi 32, itaoza kabla ya kulainika. Mbuzi anayechinjwa alfajiri na kuliwa adhuhuri basi huingia motoni akiwa amekakamaa kabisa.

Wachomaji wa hapa walishapata dawa yake, nayo ni muda. Nyama hukatwa mapande makubwa yenye mifupa, hutiwa chumvi, na huwekwa juu ya wavu ulioinuliwa mbali na makaa. Hukaa hapo saa moja, mara nyingine saa na nusu, ikigeuzwa. Zile tando nyeupe zinazofunga misuli zimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Joto la ndani likipita nyuzi 60 na kukaa humo muda mrefu, kolajeni huyeyuka ikawa jelatini, ule utelezi unaonata vidoleni ukila mbavu. Huwezi kuuharakisha. Nje, wakati huo huo, protini na sukari kidogo iliyomo kwenye nyama huungana kwa joto na kutoa rangi ya kahawia na harufu inayovuta watu kutoka barabarani. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912, na tangu hapo umebeba jina lake. Mapande yakishaiva, mchomaji huyakata vipande vidogo kwenye ubao, akikatiza nyuzi za nyama badala ya kuzifuata, ili jino lipate kazi fupi. Mchomaji mzuri utamtambua kwa kisu chake hapo ubaoni kabla hujaonja chochote.

Kuna wageni wanaoomba mbuzi wa Marafa abaki mwekundu ndani. Nawasihi wasifanye hivyo. Rangi nyekundu Firenze inategemea mfululizo wa ubaridi na ukaguzi usiokatika toka kichinjioni hadi jikoni. Mbuzi anaweza kubeba vijidudu vya brusela na toksoplasma, na Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu Kaskazini Mashariki na Pwani mwishoni mwa 2006 na mwanzo wa 2007, humpata mtu hasa anapochinja, kuchuna au kushika nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Kwa ng'ombe kuna pia vifuko vya tegu vinavyojificha ndani ya misuli, ambako moto wa juu juu hauviharibu. Hufa joto la katikati ya nyama likifika nyuzi 60, au nyama ikigandishwa siku kumi kwa nyuzi 10 chini ya sufuri. Iache iive.

Sasa pa kula. Sitakupa jina la bucha moja, kwa kuwa bucha hubadilisha mikono na mchomaji akihama ladha humfuata. Nitakupa macho ya kuchagulia. Kwanza tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye paja au ubavuni. Sheria ya Kenya inautaka, na bucha lisilo nao liache hata kama moshi wake unanukia vizuri. Pili, fika mapema, saa nne au saa tano asubuhi, wakati nyama bado imening'inia nzima na unaweza kuchagua. Mafuta yawe meupe na makavu. Nyama iwe ya waridi iliyokolea. Ikiwa nyeusi nyeusi, mnyama alichoka au aliteseka kabla ya kuchinjwa, na nyama yake haikai. Uliza kama ni dume aliyehasiwa, kwa maana beberu aliyekomaa ana harufu ambayo ndimu haiiondoi. Na kama kichwa kipo, omba kuona meno. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele hutoka mbuzi akiwa na mwaka mmoja na kitu. Mwenye jozi hiyo moja tu ndiye wa kuchoma. Mwenye meno yote makubwa, zaidi kama yamelika, mpeleke kwenye sufuria.

Agiza mbavu na mkono. Watu hukimbilia paja kwa sababu lina nyama nyingi, lakini paja ni kavu, na mbavu zina kolajeni na mafuta vinavyostahimili moto. Kilo moja mbichi, ikiwa na mifupa, hutosha watu wawili wenye njaa ya safari. Lipa, mwambie mchomaji asiharakishe, kisha nenda Nyari ukatembee. Ukirudi itakuwa karibu. Omba supu ya mifupa kwanza. Nyama italetwa kwenye ubao na ugali, kachumbari, pilipili mbuzi, na kijilima cha chumvi pembeni. Chumvi hiyo ichovye bila wasiwasi: huvunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, ndani ya Magarini hiyo hiyo, maji ya bahari yakikaushwa na jua. Mchinjaji wa bucha pwani kwa kawaida ni Mwislamu, hivyo nyama huliwa na kila mteja.

Kwa anayeng'ang'ania ng'ombe, yupo pia wa kwetu. Orma Boran wa delta ya Tana wamelishwa na Waorma kwa vizazi katika nchi ya mbung'o, na utafiti uliofanywa kwenye ranchi ya Galana katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wanahimili nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, kuliko Boran walioboreshwa. Hoteli ya Malindi ikimtundika ng'ombe huyo wiki tatu kwenye chumba baridi kinachoaminika, na kumchoma kwa mikono ya Kiitaliano, nitakuwa wa kwanza kwenda kula. Kwa hiyo ukikaa mezani mjini, muulize mhudumu mambo mawili: ng'ombe huyu ametoka wapi, na ametundikwa siku ngapi. Akiwa na majibu, agiza.

Na wafugaji wa Marafa wanastahili walichopata wenzao wa bonde la Chiana. Sheria ya Kenya ya alama za biashara inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja. Chama cha wafugaji kinaweza kuweka masharti, tuseme mbuzi aliyelishwa vichakani kaskazini mwa Sabaki, aliyehasiwa, asiyezidi umri fulani, aliyekaguliwa na kupigwa muhuri, na atakayeuza kwa jina la Marafa ayatimize. Leo mbuzi huyo hupakiwa kwenye lori, hufika machinjio ya mbali, na huliwa bila jina, huku bei ya mfugaji ikipangwa na dalali kando ya barabara. Mahoteli ya Malindi yanayoandika Chianina kwenye orodha ya chakula yana nafasi ya mstari mmoja zaidi.