Je, Wajua? Seva Pacha Hazisemi Neno Moja Daima

Je, wajua kuwa salio unalosoma kwenye simu ukiwa Mpanda huenda halitoki kwenye seva iliyopokea muamala wako? Mifumo mikubwa haitegemei mashine moja. Seva kuu hupokea kila badiliko la kanzidata, kisha seva nakala huyachukua mabadiliko hayo kutoka kwake na kusaidia kujibu maswali. Mfanyabiashara wa mahindi akilipwa, akaangalia salio asione kitu, akarudia akaona fedha, hajaibiwa wala hajarudishiwa. Yawezekana swali la kwanza lilijibiwa na nakala iliyobaki nyuma.

Mpanda, mkoani Katavi, iko mbali na Dar es Salaam, na ni rahisi kulaumu umbali. Tupige hesabu. Mpanda hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 900 kwa mstari mnyoofu, na nuru ndani ya mkongo wa mawasiliano hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari hiyo haifiki sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde moja. Hata mkongo ukizunguka mara mbili ya njia hiyo, nakala iliyo nyuma kwa dakika kumi haikucheleweshwa na umbali. Yaelekea imeelemewa: ripoti nzito imefunga jedwali, diski haimudu kazi, au badiliko moja kubwa limeyazuia yaliyo nyuma yake.

Kuna tofauti nyingine ambazo kosa lake liko kwenye swali lenyewe. Ukiomba mistari kumi ya kwanza bila kutaja mpangilio, kila seva ina uhuru wa kukupa kumi yoyote. Na ukiomba mauzo ya leo huku seva moja ikifuata saa za Afrika Mashariki na nyingine saa za Greenwich, kila kilichouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kitahesabiwa leo huku na jana kule. Data ni ile ile.

Mimi kuchelewa hakunitishi sana, kwa kuwa nakala iliyochelewa hatimaye hufika. Kinachotisha ni nakala iliyopotoka kimyakimya. MySQL, programu ya kanzidata, kabla ya toleo la 5.7.7 la mwaka 2015, kwa kawaida ilituma amri yenyewe ikatekelezwe upya kwenye nakala. Amri ya kufuta mistari 100 bila mpangilio ingeweza kufuta mistari tofauti kila upande, na nakala ingeendelea na kazi bila kusimama.

Kisa cha PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, kinashangaza zaidi. Agosti 2018 lilitoka toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, likabadilisha namna ya kupanga maandishi. Awali "11" ilitangulia "1-1". Baada yake "1-1" ikatangulia. Nakala ya PostgreSQL hupokea faharasa baiti kwa baiti, ikiwa imepangwa kwa kanuni ya seva kuu. Nakala yenye glibc mpya hutafuta ndani yake kwa kanuni nyingine, inageukia upande usio sahihi, na kujibu kuwa mteja hayupo, ilhali mstari wake umo kwenye diski hiyo hiyo.

Oktoba 21 mwaka huo huo, GitHub ya Marekani, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilipoteza mawasiliano ya ndani kwa sekunde 43. Programu ya usimamizi ikahamishia ukuu kwenye seva za pwani ya magharibi, ilhali zile za mashariki zilikuwa na maandishi ya muda mfupi ambayo hayajavuka. Kila upande ukawa na kitu ambacho mwenzake hana. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11.

Kwa hiyo fundi makini haanzi kwa kuwasha seva upya. Huuliza kwanza ni seva gani iliyojibu, kisha hurudia swali lile lile kwenye kila moja, likiwa na mpangilio na saa vilivyotajwa wazi. Hupima nakala iko nyuma kiasi gani. Ikiwa imeshafika na bado majibu yanapishana, hulinganisha majedwali fungu kwa fungu. Kwa MySQL ipo zana ya pt-table-checksum ya Percona, inayokokotoa namba moja ya uhakiki kwa kila fungu. Namba zikitofautiana, nakala hiyo huondolewa kwenye zamu ya kujibu wateja kabla ya lolote, kisha hurekebishwa au kujengwa upya kutoka seva kuu.