Arobaini ya Mama Mzazi

Wasomaji wetu wa pwani waijua vema arobaini. Mwanamke akiisha kujifungua hukaa ndani siku 40, huogeshwa kwa maji ya moto, hukandwa mwili, hupikiwa uji wa pilipili manga, wala hateki maji wala hatwangi. Wako Wakristo wanaouliza kama desturi hii ni ya Kiislamu tu, na kama yatupasa kuiacha.

Twajibu ya kuwa hesabu hiyo ni ya kale. Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 12, mama aliyezaa mtoto mwanamume alihesabiwa siku 7, kisha 33, jumla 40. Aliyezaa mtoto mwanamke siku 80. Mariamu naye aliitimiza sheria hiyo, akatoa hekaluni sadaka ya maskini, yaani ndege wawili. Katika nchi ya Mexico mapumziko ya mzazi huitwa cuarentena, na maana yake ni siku arobaini. Wachina wengi hukaa ndani mwezi mmoja, wakijikinga na baridi na kunywa mchuzi wa kuku na tangawizi. Hata Kanisa la Uingereza liliweka katika kitabu chake cha sala ibada ya kushukuru kwa mwanamke aliyezaa, na zamani wengi hawakurudia shughuli zao kabla ya ibada hiyo.

Basi mama na apumzike. Wala tusiicheke pilipili manga. Mume aendaye sokoni kuinunua ni bora kuliko yule ampaye mkewe jembe siku ya tatu.

Lakini liko jambo linalotuhuzunisha. Malezi hayo yote huja mtoto akiisha kuzaliwa, hali hatari kubwa i katika saa za utungu na siku ile ya kwanza, damu iwezapo kutoka bila kukoma. Na katika saa hizo, makabila kadha wa kadha ya Afrika ya Mashariki yalikuwa na swali kali. Utungu ukikawia, wazee wa kike humwuliza mzazi, “Umezini na nani?” Hudhani ya kuwa akitaja majina mtoto atatoka. Swali hilo halijakoma kila mahali, hata katika nyumba zenye Biblia.

Mtoto hazuiwi na dhambi iliyofichwa. Huzuiwa kwa kuwa amelala kingamo, au nyonga za mama ni nyembamba, au tumbo la uzazi limechoka. Wakati wanapomhoji, tumbo laweza kupasuka. Na akipona, pengine hubaki na jeraha la ndani livujalo mkojo, naye hutengwa na wenziwe, na mara nyingi mumewe humwacha.

Tusidhani kosa hili ni la Waafrika peke yao. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi klorofomu, dawa ya usingizi, ili kupunguza utungu. Wakatokea waliomshitaki kwa Mwanzo 3:16, wakisema utungu ni adhabu isiyopasa kuondolewa. Simpson aliandika kijitabu mwaka ule ule kuwajibu, akawakumbusha ya kuwa Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake. Malkia Victoria alikubali dawa hiyo mwaka 1853, alipomzaa Leopold.

Twawasihi walimu wayaseme haya mbele ya wanaume pia, maana mara nyingi wao ndio washikao fedha. Mama azalie penye mkunga aliyefunzwa. Kama yuko nyumbani na utungu umepita saa 12, au damu yatoka nyingi, au ameshikwa na kifafa, achukuliwe hospitali upesi bila kuulizwa neno. Kina bibi waendelee kuchemsha maji na kutwanga pilipili manga. Ila fedha ya gari iwekwe tangu mwezi wa saba, wala isiguswe kwa kununulia nguo za arobaini.