Maji ya Kupimia Nguvu za Mwili

Ndugu msomaji, mtazame mwanamke wa pwani yetu hapa Gando ashindaye na maji ya magotini akifunga mwani, kisha unitazame mimi nishindaye juu ya mkeka nikisomesha watoto. Ukiulizwa ni nani kati yetu atumiaye nguvu nyingi zaidi kwa siku, utajibu bila ya kufikiri. Walakini kukisia si kupima.

Mwaka 1955 Nathan Lifson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kupima kwa maji. Maji ni haidrojeni na oksijeni, na katika kila moja ya hizo mna chembe chache zilizo nzito kuliko wenzake, wala hazina miali ya kudhuru. Mtu hunyweshwa kwa kipimo maji yaliyozidishwa chembe nzito za namna zote mbili. Yakishachanganyika na maji ya mwilini, haidrojeni nzito hutoka pamoja na maji tu: katika mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa njia hizo hizo, na juu yake hutoka katika kaboni dioksidi, ile hewa tuitoayo baada ya mwili kuunguza chakula. Kwa hiyo oksijeni hupungua upesi zaidi, na tofauti baina ya mapungufu hayo mawili ndiyo ionyeshayo kiasi cha hewa hiyo, na kwayo nguvu iliyotumika. Mwenyewe huendelea na kazi zake, akitoa mkojo kidogo kwa siku kadhaa. Mkojo ni najisi, twajua, lakini humo ndimo ilimo hesabu.

Taabu ilikuwa kuzihesabu chembe. Zamani ilihitajiwa mashine kubwa ya ghali. Siku hizi kiko chombo cha leza kikaacho juu ya meza. Mvuke wa maji hutiwa katika chumba kidogo chenye vioo. Mwanga wa leza usioonekana kwa macho hurudishwa na vioo hivyo mara maelfu, hata safari yake humo ikafika kilomita. Kila namna ya maji hufyonza rangi yake ya mwanga, na kwa mwanga uliopungua hujulikana kiasi cha chembe nzito.

Njia hii ya maji ilitumiwa kwa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, waishio kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Herman Pontzer na wenzake walitangaza mwaka 2012 matokeo ya watu wazima 30. Wanaume walitembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku, wanawake kiasi cha 6. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili, hawakutumia nguvu nyingi zaidi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wakaao vitini! Pontzer aona kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Wako wataalamu wasiokubaliana naye.

Khabari hii imenitia haya. Barazani mtu mnene huitwa mvivu, nami nimepata kulisema neno hilo nyumbani kwangu, kwa mtu aamkaye kabla yangu na kulala baada yangu. Wala si ruhusa ya kukaa kitako: kutembea kwaufaa moyo, na Pontzer mwenyewe ahimiza. Lakini unene, kwa maoni yake, khasa watoka katika chakula. Nilipomsomea mke wangu maneno hayo hakunijibu. Alilisogeza kopo la sukari mbali na kikombe changu.