Kusomea Mawe

Likizo ya mwezi wa nne nilimwambia nyanya yangu kule Kapsokwony kwamba nikipita KCSE nataka kusomea jiolojia katika chuo kikuu. Alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mtu aende shule miaka yote hiyo akasomee mawe?" Wenzangu bwenini huniuliza vivyo hivyo, ila wao huongeza: "Ama unatafuta dhahabu?" Basi makala haya ni jibu langu kwao wote.

Dhahabu ipo, sikatai. Mapema miaka ya 1930 ilivuta wazungu wengi hadi Kakamega, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa mpaka mwaka wa 1952. Lakini jiolojia ni zaidi ya hayo. Ni elimu ya kuisoma ardhi: imeundwa na nini, ina umri gani, na inaelekea kufanya nini.

Hebu panda matatu kutoka Bungoma hadi Kitale uchungulie dirishani. Upande wa kusini mwa Bungoma, kuelekea Mumias, kuna graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Ukifika Kitale, tazama mashariki: vilima vya Cherang'any. Wengi hudhani navyo ni volkano. La hasha! Ni miamba ya kale iliyozikwa chini sana, ikabanwa na kupikwa kwa joto mpaka ikabadilika sura, kisha ikainuliwa. Halafu geuka magharibi uone Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321 katika kilele cha Wagagai, upande wa Uganda. Huo ndio volkano, nayo ilizimika mamilioni ya miaka iliyopita. Yaani sisi tunalima mahindi katikati ya milima miwili isiyo na undugu wowote, na hakuna anayetuambia.

Mlimani kwenyewe kuna mapango. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, alipoyaona mapango ya Elgon mwaka wa 1883 alidhani yalichimbwa na watu wa kale. Waliokuja baadaye na nyundo zao walikuta mambo mengine. Pango la Kitum, kwa mfano, limo katika mwamba uliotokana na majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa na volkano, vikashikamana. Mwamba huo ni laini, na una chumvi. Maji huula polepole, nao ndovu huingia gizani usiku, wakauchokoa ukuta kwa pembe na kulamba chumvi. Ndovu mchimba migodi! Ukitazama vizuri ukutani utaona hata vipande vya miti iliyogeuka jiwe.

Na chuoni je? Binamu yangu yuko mwaka wa tatu Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako somo hili limefundishwa tangu miaka ya 1960. Shahada ni miaka minne. Anasema mwaka wa kwanza ulimtoa jasho kwa Kemia na Hesabu, maana wengi huingia wakidhani ni Jografia ya Kidato cha Nne iliyorefushwa. Jiwe hukatwa kipande chembamba, unene wa sehemu tatu za mia za milimita, likapitisha mwanga, na chini ya hadubini lile jiwe la kijivu linawaka rangi kama kitenge. Kisha kuna kazi ya nje: dira, nyundo, lenzi ndogo shingoni, na kutembea juani siku kutwa mkichora ramani ya miamba. Viatu vyake viliisha soli. Kazi nazo? Wapo wanaochunguza mvuke wa Olkaria, ulioanza kutoa umeme mwaka wa 1981; wapo wanaotafuta mahali pa kuchimba visima. Sitawadanganya, ajira hazijajaa kama mchanga, na waliomaliza husubiri. Tena kazi nyingine ni kuwaambia watu habari wasiyotaka. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba kuna maji mengi chini ya ardhi ya Turkana, kule Lotikipi, watu wakashangilia. Yalipopimwa zaidi yakaonekana yana chumvi mno.

Lakini kinachonisukuma mimi si Olkaria. Ni Bududa. Tarehe 1 Machi 2010, upande wa pili wa mlima huu huu wetu, mvua ilinyesha na mteremko ukaporomoka juu ya kijiji cha Nametsi. Mamia ya watu walifariki au kutoonekana tena. Udongo wa volkano una rutuba, ndiyo maana watu huupanda mlima. Lakini ni mzito, hunyonya maji mengi, na penye mteremko mkali, miti ikiwa imekatwa, huteleza. Aghalabu ardhi hutoa ishara kwanza: ufa ulio kama mwezi mchanga, miti kuinama, chemchemi kuchipuka pasipokuwapo, mlango uliofunguka jana kukwama leo.

Nilipomweleza nyanya hayo alinyamaza. Kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi, akanionyesha ufa kwenye nyasi, mrefu kama hatua kumi hivi. "Huu nao mawe yako yanasemaje?" Nilimpigia binamu simu. Akasema tusubiri yeye aje, ila kwa sasa tupigilie vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, tupime umbali kati yao kila Jumapili, na mvua ikinyesha usiku kucha nyanya alale kwa shangazi, ng'ambo kule.

Siku hiyo tulipata sentimita 90. Tulipofunga shule mwezi wa nane zilikuwa 91. Nyanya ndiye anayepima, kwa utepe wa fundi cherehani, na huandika kwenye kalenda ya ukutani.