Madoa katika picha ya ubongo: maana yake nini?

Mukristu akipewa karatasi ya lopitali asiyoielewa, mara nyingi hamrudii munganga. Anakuja kwetu, kwa padri au katekista, kwani anajua kwamba sisi tunasoma. Ndivyo ilivyotupata mwaka jana. Muzee mumoja wa miaka 66 alitufikia na bahasha kubwa mukononi. Alikuwa ameumwa kichwa siku nyingi. Watoto wake wakachanga franka, wakampeleka mbali kupigwa picha ya IRM. Karatasi ilisema: madoa madogo meupe ndani ya ubongo. Jirani mumoja alimwambia ni kansa, mwingine akasema amerogwa. Muzee akaacha dawa zake za tansyo, akakaa kungoja kufa. Na munganga alikuwa hajamwona bado! Kwa hiyo tumeona vema kueleza neno hili kwa ufupi.

IRM ni nini? Ni mashine yenye sumaku yenye nguvu sana. Haitumii mionzi kama radiografi. Mwili wetu una maji mengi, na ndani ya maji muna idrojeni. Sumaku inazipanga chembe za idrojeni, mawimbi ya redio yanazitikisa, nazo zikirudi katika hali yake zinatoa alama ndogo. Mashine inakusanya alama hizo na kuzifanya picha. Paul Lauterbur alionyesha njia hiyo mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield walipewa tuzo la Nobel mwaka 2003.

Doa jeupe ni nini basi? Katika picha ziitwazo T2 na FLAIR, doa jeupe mara nyingi ni mahali penye maji kupita desturi. Halitaji jina la ugonjwa. Linasema tu: hapa ubongo haufanani na sehemu za kando yake.

Tutoe mufano. Ukisimama juu ya kilima, unaona moshi ngambo ya bonde. Pengine mutu anachoma makaa, pengine analisafisha shamba lake, pengine nyumba inaungua. Moshi ni mumoja, sababu ni mbalimbali. Kabla ya kulia, uliza ni majira gani, moshi unatoka wapi, na nani anakaa pale. Madoa ni vivyo hivyo. Sababu zake kubwa ni hizi:

1. Mishipa midogo ya damu. Kisha miaka 60 watu walio wengi wana madoa kidogo, hata wasiosikia ugonjwa wo wote. Tansyo ya juu, ugonjwa wa sukari na tumbaku vinayaongeza. Tangu mwaka 1987 waganga wana kipimo cha Fazekas: 0 ni hakuna doa, 1 ni vitone vichache, 2 vitone vinaanza kuungana, 3 vimekuwa mabaka makubwa. Mabaka hayo yasidharauliwe, kwani yanafuatana na hatari ya kupooza na ya kupotewa na akili.

2. Migreni. Hata kijana mwenye kuumwa kichwa hivyo aweza kuwa na vitone vichache.

3. Sklerozi ya ubongo. Inashika hasa watu wazima wangali vijana, wanawake kupita wanaume. Lakini munganga haihukumu kwa doa peke yake. Anatafuta pia dalili katika macho, mikono na miguu.

4. Vijidudu. Munyoo wa nguruwe unapatikana katika inchi yetu. Mayai yake yakimezwa, yaweza kuleta vifuko katika ubongo, ndipo kifafa kinaanza. Wenye SIDA wasiotunzwa waweza kupata toksoplasma.

5. Uvimbe, na kansa pia. Mara nyingi uvimbe unasukuma ubongo wa kando yake, na unangaa zaidi mugonjwa akidungwa dawa ya gadolini.

Munganga anatambuaje? Anaangalia mahali pa madoa, umbo lake na hesabu yake. Anayalinganisha na picha ya zamani kama iko. Zaidi ya yote anamtazama mugonjwa mwenyewe. Picha bila mutu ni shahidi asiyeulizwa.

Nasi tufanye nini? Tusihukumu karatasi, hata kama tunajua kifransa vizuri. Tusimwache mutu aache dawa zake. Tumrudishe kwa munganga na maswali matatu yaliyoandikwa: Madoa yangu yametoka wapi? Nifanye nini? Picha nyingine inatakiwa, na lini? Lakini kinywa kikipinda ghafula, mukono au muguu ukilegea, maneno yakikwama, au kifafa kikitokea mara ya kwanza, tusingoje karatasi: mugonjwa apelekwe lopitali saa ile ile.

Muzee wetu tulimsindikiza. Munganga alimpima tansyo, akakuta 18 kwa 10. Alimweleza kwamba madoa yake ni ya mishipa midogo, wala si kansa, akamrudishia dawa. Muzee akauliza, “Yatafutika?” Munganga akajibu kwamba hayatafutika, lakini tansyo ikishuka, yaweza kukawia kuongezeka. Sasa anameza dawa kila asubuhi na kulima muhogo wake. Kilichotaka kumuua upesi si madoa, bali zile siku alizokaa bila dawa kwa sababu ya maneno ya jirani. Tujihazari basi, maneno kama hayo yasitoke katika vinywa vyetu.