Monita Husomwa Mgongoni

Je, wajua kwamba monita ya zamani ya inchi 19, ile ya umbo la karibu mraba ambayo ofisi nyingi zimeifungia stoo, inaishinda kwa kimo monita mpya ya inchi 24? Azima utepe wa fundi cherehani upime. Kioo cha ile ya 19 kina sentimita 30 kwenda juu. Cha ile ya 24 kina 29 na nusu hivi. Mpya inashinda kwa upana tu, sentimita 53 dhidi ya 38. Inchi za kioo hupimwa mshazari, pembe hadi pembe, kwa hiyo kiwanda kikikivuta kioo upande, inchi zinaongezeka hata kama kimo hakikusogea.

Jambo hili lingekuwa la mashabiki wa sinema tu, ila mijini Arua na Koboko, Uganda, monita nyingi hazinunuliwi kwa ajili ya sinema. Mnunuzi ni mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, anayewaandikia watu barua za maombi ya kazi. Ni mwalimu mwenye alama za wanafunzi za kujaza, karani wa chama cha akiba na mikopo, mpiga picha wa harusi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni aliyechoka kukodolea macho kompyuta ndogo. Hawa hufanya kazi na karatasi ya A4, yenye kimo cha sentimita 29.7. Ya zamani ya inchi 19 inaionyesha nzima kwa ukubwa wake halisi. Ya inchi 22, inayopendwa kwa bei yake, ina kimo cha sentimita 27 tu, hivyo mguu wa ukurasa lazima ukatike.

Sisemi ukanunue ya 19. Anayenakili kutoka hati moja kwenda nyingine anahitaji kurasa mbili ubavu kwa ubavu, yaani sentimita 42, na hapo 24 ndiyo inayomfaa. Na ukikutana na ile ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1200 badala ya 1920 kwa 1080, ambayo maofisi ya Ulaya yaliipenda sana miaka kadhaa iliyopita, usiiachie. Kimo chake ni sentimita 32: ukurasa mzima unaenea, na vitufe vya programu vinapata pa kukaa.

Ndani ya vioo hivi vyote mna kitu ambacho asili ya ugunduzi wake ni karoti. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, akifanya kazi Prague, alikuwa anachunguza kemikali iliyotokana na karoti. Aliipasha moto akaona jambo lisiloingia akilini: iliyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145 iligeuka uji wa ukungu, na kwenye nyuzi 178 uji ukawa maji maangavu. Alimwandikia mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann, naye akagundua kwamba ule uji unatiririka kama kimiminika huku ukiupinda mwanga kama fuwele. Kwa miaka 80 fuwele hizo za majimaji hazikuwa na kazi kubwa. Kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha vioo vya kwanza mwaka 1968, na mwaka 1973 George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, wakatengeneza aina inayofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua njia ya vioo vya saa za namba, vya simu na vya monita bapa.

Fuwele zenyewe haziwaki. Nyuma yake kuna taa nyeupe inayowaka muda wote, nazo hufanya kazi ya vile vibao vya dirisha la vioo: umeme mdogo unazigeuza, mwanga unapita wote, nusu, au unazuiwa. Mbele ya kila kidirisha kuna rangi moja, nyekundu, kijani au buluu, na vitatu pamoja vinafanya pikseli moja. Monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yaani vidirisha zaidi ya milioni sita. Ndiyo maana ushauri wa kuweka picha nyeusi ili kuokoa umeme haufanyi kazi hapa. Unafaa kwenye simu za OLED, ambako kila pikseli ni taa yake. Kwenye monita ya kawaida taa haizimi, inafichwa tu, na kinachopunguza matumizi ni kushusha mwangaza wa taa yenyewe.

Namna fuwele zinavyogeuka ndiyo inayotenganisha monita nzuri na mbaya, na hapa bei hudanganya. Aina ya zamani, TN, ni rahisi kutengeneza na ina kasi, lakini ukiiangalia kutoka juu, chini au ubavuni, rangi zinabadilika na maandishi kufifia. IPS, iliyoletwa sokoni na Hitachi mwaka 1996, hugeuza fuwele zikiwa zimelala sambamba na kioo, na picha inabaki karibu ileile utazame kutoka wapi. VA iko katikati: nyeusi yake ni nyeusi kweli, nzuri kwa filamu usiku, ila pembeni hupauka kidogo.

Kwa mtu anayekaa peke yake nyumbani, TN si balaa. Kwenye kibanda cha kuchapa ni hasara. Mteja husimama nyuma ya bega la mchapaji akihakiki jina lake, kama ni Candiru au Chandiru, kama herufi za ukoo zimekaa sawasawa, kabla ya karatasi kutoka. Anatazama kutoka juu na pembeni, pale pale TN inaposhindwa. Jina likikosewa, mwenye kibanda anachapa upya kwa wino wake mwenyewe. Kwa kibanda ningechagua IPS iliyotumika miaka sita kuliko TN mpya ndani ya boksi.

Utaijuaje? Stika za mbele hazisaidii. Neno LED linaeleza taa ya nyuma tu, na Full HD inaeleza idadi ya pikseli. Hakuna linalokuambia fuwele ni za aina gani. Igeuze monita usome mgongo. Pale kuna lebo yenye namba ya modeli. Iandike kwenye simu, utafute, na aina ya kioo itatajwa. Na kama mtandao umelala, fungua ukurasa mweupe, kisha chuchumaa na usimame huku ukitazama. TN itabadilika rangi kabla hujamaliza kunyooka.

Lebo hiyohiyo ina tarehe ya kutengenezwa, ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi. Monita za kabla ya mwaka 2010 hivi nyingi hazitumii LED. Zina mirija myembamba ya mwanga yenye zebaki, ambayo huzeeka kuelekea umanjano, hula umeme karibu mara mbili, na ikivunjika si ya kuokotwa kwa mikono mitupu. LED nyeupe zilingoja LED ya buluu yenye nguvu ipatikane, kazi iliyowapa wazaliwa wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa za LED za monita kwa kawaida hukadiriwa kuishi saa 30,000 kabla mwanga haujashuka hadi nusu. Ofisi ya Ulaya inayowasha saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutumia saa 2,000 kila mwaka. Monita yake ya miaka saba basi haijafika nusu ya safari. Zile za Dell, HP na Lenovo zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, zenye mguu unaopanda na kushuka, huuzwa kwa bei ndogo si kwa sababu zimechoka, bali kwa sababu kampuni imefikia mwaka wa kubadilisha vifaa vyake.

Muuzaji akiwasha na kioo kikabaki cheusi, usiondoke haraka. Mulika kioo kwa tochi ya simu, kwa mshazari. Ukiona kivuli cha picha, basi fuwele ni nzima na taa ndiyo iliyokufa. Fundi anaweza kuirudisha, na wewe una sababu ya kushusha bei. Mistari ya wima isiyobadilika ni habari nyingine: mara nyingi ni tatizo la kioo chenyewe, na kioo kipya kinakaribia bei ya monita nzima. Hiyo iache hata ukipunguziwa hadi nusu.

Bado tuko mgongoni, kwenye matundu ya kebo. VGA, ile ya pini kumi na tano na skrubu mbili, ilitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987. Hutuma picha kama mawimbi, na ndiyo sababu herufi huweza kuwa na ukungu. Bonyeza kitufe cha Auto kabla ya kulaumu macho. HDMI na DisplayPort hutuma namba moja kwa moja. Hapa kuna mtego unaokula fedha za watu. Kompyuta nyingi za mezani za ofisi zilizotumika zina DisplayPort bila HDMI, na kebo rahisi ya kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita hufanya kazi vizuri. Kinyume chake haifanyi. Kompyuta yenye HDMI na monita yenye DisplayPort pekee zinahitaji kigeuzi chenye saketi yake, tena ghali.

Kuna watakaosema, si ninunue televisheni ya inchi 32 tu, nifanye kazi mchana na familia itazame mpira jioni? Ni hoja ya mwenye nyumba, siidharau. Lakini televisheni nyingi za bei rahisi za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768, karibu nusu ya zile za monita ya inchi 22, zikiwa zimetawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Ukiwa kwenye kochi hutaona tofauti. Ukiwa mezani utaona ngazi kwenye kila herufi. Kama ni lazima, tafuta yenye 1920 kwa 1080, na kwenye mpangilio wake zima ile tabia ya kukata kingo za picha.

Umeme nao una historia yake huku. Kwa miaka mingi West Nile, eneo lenye Arua na Koboko, ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECO ilianza kuhudumu mwaka 2003 kwa jenereta, kisha mwaka 2012 mtambo wa maji wa Nyagak, wilayani Zombo, ukaanza kutoa megawati 3.5. Miaka ya karibuni nyaya za gridi zimefika, lakini watu waliozoea mgao hawakutupa sola zao, nami nadhani walifanya vyema. Ndiyo maana wati zina uzito kuliko inchi. Monita ya LED ya inchi 22 au 24 hula wati 15 hadi 25. Kwa wati 20, saa nane kwa siku, siku 26, ni uniti nne na kidogo kwa mwezi. Ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, kwa wati 90, ingekula karibu uniti 19. Usiogope lebo ikiandika ampea 1.5: hicho ni kiwango cha juu kabisa, si matumizi ya kila saa.

Ukiwa na sola, angalia kama umeme unaingia kupitia adapta ya nje. Adapta ikiandikwa 12V, monita inaweza kuendeshwa na betri bila inveta, na upotevu wa inveta ukaepukwa. Ila weka kidhibiti cha volti katikati, kwa sababu betri ya volti 12 inayochajiwa hupanda kupita 14. Adapta ya 19V haifai kwa njia hiyo. Na wenye umeme wa ukutani wajue kwamba kinachoua monita mara nyingi ni ule mruko wa volti umeme unaporudi, pamoja na radi. Mawingu yakianza kunguruma chomoa plagi. Swichi pekee haitoshi.

Bidhaa nyingi hupanda kutoka Kampala kwa basi, kupitia Karuma na daraja la Pakwach, kisha zinaendelea kwa lami ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92 zinazopita Arua na Koboko. Monita isafiri imesimama, kioo kikiwa kimefunikwa kadibodi ngumu, kamwe isilale chini ya gunia. Iliyopita Dubai au Uingereza huja na plagi ya pini tatu za bapa kama za Uganda. Iliyovukishwa kutoka upande wa Kongo mara nyingi ina pini mbili za duara. Badili waya, usilazimishe soketi kwa kijiti.

Nyingi hufika bila mguu, na muuzaji hupunguza bei kwa aibu. Chukua. Mgongoni kuna matundu manne ya skrubu, kwa kawaida yameachana milimita 100, na kipimo hicho ni kimoja kwa viwanda karibu vyote. Mchomeleaji yeyote wa Koboko anaweza kukukatia bati nene na bomba la mraba, akakutengenezea mguu mrefu zaidi ya ule wa kiwandani, wa kufikisha ukingo wa juu wa kioo usawa wa macho yako. Mpe skrubu za M4, na mwambie zisizame ndani zaidi ya milimita 10, kwani baada ya hapo zinaweza kugusa saketi.