Fao la kukosa ajira: Nani anastahili?

WAFANYAKAZI wengi wa mashambani, maghalani na madukani hudhani kuwa kila aliyepoteza kazi hulipwa fao la kukosa ajira. Sivyo.

Fao hilo lilianza nchini Tanzania mwaka 2018, na kwa sekta binafsi hulipwa na NSSF. Mwombaji awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18, awe hakuacha kazi kwa hiari yake, na awe hajapata kazi nyingine.

Anayetimiza masharti hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi, kwa miezi sita. Kwa mfano, aliyekuwa akipata Sh300,000 atalipwa Sh99,900 kwa mwezi, yaani jumla ya Sh599,400.

Hapo ndipo mwajiri mdogo anapohusika. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Mwenye ghala anayekata fedha hizo bila kuziwasilisha humharibia mwenzake hesabu ya miezi 18. Kwa hiyo mfanyakazi aulizie taarifa ya michango yake mapema, asisubiri siku ya kuachishwa.

Mkulima au mfanyabiashara aliyejiajiri naye anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari. Hata hivyo, fao hili limewekwa kwa mwajiriwa aliyepoteza kazi. Mvua zikikatika au duka likifilisika, mwenye mali ategemee akiba yake na bima ya mazao au ya biashara, akiwa ameikata kabla ya hasara.